Cheti bila ya Chanjo

Mwenye kwenda Hija kutoka Kisumu hutakiwa athibitishe kuwa amechanjwa homa ya manjano na homa ya uti wa mgongo, zisipungue siku 10 kabla ya kuwasili. Mtu aweza kuuliza: kuna dhambi gani kununua cheti pasipo kuchanjwa, maadamu uhai na mauti yamo mikononi mwa Mwenyezi Mungu?

Ndugu Waislamu, kadari si hoja ya mzembe. Sayyidna Umar alipofika Sargh akaambiwa kuna tauni Shamu, alirudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa anaitoka kadari Yake kwenda katika kadari Yake.

Tena jambo hili si la nafsi moja. Mwaka 2000 homa ya uti wa mgongo ilizuka katika Hija. Wako mahujaji wasiougua wao wenyewe, lakini waliibeba kooni hadi Ulaya, wakaugua jamaa zao waliobaki nyumbani. Basi na tumfikiri haji anayerejea Kaloleni au Manyatta: wa mwanzo kumkumbatia ni mama yake na wanawe. Je, awaletee Zamzam na maradhi pamoja?

Mwenye kununua cheti hicho ametoa ushahidi wa uongo, na ameihatarisha roho isiyo yake. Talbiya yataka ulimi wa kweli tangu mtu angali kwao. Mwenyezi Mungu atuongoze.