Nimetuma Kama Nilivyopokea

Maneno hayo matatu huandikwa chini ya ujumbe ili kumtoa mtumaji lawamani. Anayeyaandika anadai yeye ni mfereji tu, hahusiki na maji yanayopita. Dai hilo si kweli, na Eldoret imelipa gharama yake. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 Wakenya zaidi ya 1,100 waliuawa, na Januari 1, 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji huu, lilichomwa moto na watu waliokimbilia humo wakiwa ndani. Arafa za chuki zilizagaa siku zile bila mhariri wala kituo, simu kwa simu. Kule The Hague, kesi ya machafuko hayo dhidi ya mwanasiasa mmoja na mtangazaji mmoja wa redio ilikomeshwa Aprili 2016 kwa ushahidi kutotosha. Mahakama humwita aliyeshika maikrofoni. Maelfu ya watu waliobonyeza simu zao haina pa kuwaanzia. Hao wamebaki na dhamiri zao.

Wanazuoni wa Hadithi za Mtume Muhammad walikutana na swali la wajibu wa anayepokea na kupitisha karne nyingi kabla ya simu. Hawakuuliza tu ni nini kimesemwa, bali nani amekipokea kwa nani. Jina la kila msimulizi lilihifadhiwa katika isnadi na mwenendo wake ukachunguzwa. Mmoja akijulikana kwa uongo, hata kwa usahaulifu tu, riwaya nzima ilidhoofika. Kwao kupokea ndiko kulikoanzisha maswali. Mnyororo wa WhatsApp umeyafuta majina, ukabakiza mishale miwili midogo juu ya ujumbe uliosambazwa mno. Jina pekee analoliona mpokeaji ni la aliyemtumia: shangazi yake, mzee wa kanisa, mwenzake wa chama. Hilo ndilo analoliamini. Anayesambaza basi huyakopesha maneno ya mtu asiyemjua heshima yake mwenyewe, na mkopo huo hakuna mwingine wa kuulizwa.

Wapo wanaosema mzigo ni wa admini wa kikundi. Admini naye hulala, na usiku mmoja unatosha. Pingamizi lililo zito ni jingine: tahadhari ikifika mapema huokoa maisha, na anayengoja kuhakikisha aweza kuchelewa. Nakubali, tena bila kusita. Ila onyo la kweli lina mwenyewe. Husema: nimeona kwa macho yangu, niko mahali fulani, saa hii, msipite njia hii. Uchochezi huanza na "tumesikia wanakuja", usimtaje aliyeona, na badala ya kumwambia mtu aondoke humwambia ajiandae. Kuzitofautisha mbili hizo hakuhitaji hata dakika.

Tuhuma dhidi ya mtu nazo husambazwa vivyo hivyo. Injili ya Mathayo, sura ya 18, inampa aliyekosewa utaratibu: amwendee ndugu yake faraghani, kisha na shahidi mmoja au wawili, na kanisa lije mwisho. Kwenye vikundi vyetu tunaanzia kanisani. Mtu hushtakiwa mbele ya wanachama 200 kabla hajapigiwa simu, na ikibainika kuwa alisingiziwa, mshtaki hufuta ujumbe kimyakimya. Pale alipofuta hubaki alama kwamba kitu kimeondolewa. Nakala zilizokwisha kupelekwa kwingine hazifutiki, na ni yeye anayepaswa kuzifuata, kikundi kwa kikundi, kwa jina lake.