Mtungi wa Kilo 6 kwenye Buti

"We si ulisoma injini?" Binamu yangu aliniuliza hivyo kwa simu, na nikajisikia mtu. Tangu niache chuo mwaka wa pili na kurudi Kericho kuandika makala za kulipwa kwa M-Pesa, hakuna aliyekuwa ameniita kwa ajili ya nilichosomea. Nikaenda mbio.

Alikuwa amenunua Mercedes C200 Kompressor kuukuu. Hiyo Kompressor ni supachaja: pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, ikishindilia hewa nyingi kwenye silinda kuliko ambayo injini ingevuta yenyewe. Hewa zaidi, petroli zaidi, nguvu zaidi. Sasa alitaka kuongeza gesi ya kupikia. Mtungi wa kilo 6 kwenye buti, paipu hadi kwenye njia ya hewa, swichi karibu na usukani.

Usicheke. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na joto hilo hufanya petroli iwake ovyo kabla ya wakati, kile makanika huita kugonga. Propani inavumilia kugonga kuliko petroli. Oktani yake inapita 100. Ikiingia ikiwa kiowevu, inageuka mvuke na kuipoza hewa. Tena sisi tuko juu, kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni pungufu kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano.

"Mlima umeniibia nguvu," binamu alisema. "Mimi narudisha tu changu."

Nilimjibu kwa hesabu, kwa sababu hesabu ni rahisi kuliko maadili. Mtungi uliosimama wima hutoa mvuke, si kiowevu, kwa hivyo kitakachopoa ni mtungi wenyewe, si hewa ya injini. Gesi yetu ya jikoni imechanganywa na butani. Ukiseti cheche mapema kwa kutegemea gesi, halafu gesi iishe katikati ya mlima, pistoni inaweza kutoboka. Na gesi ikivuja, ni nzito kuliko hewa: inatulia chini ya viti, inangoja cheche.

"Sawa," akasema. "Gari ni yangu. Ikilipuka, ni mimi."

Hapo nikanyamaza, kwa sababu hoja hiyo niliijua. Ndiyo niliyoitumia kuacha chuo: maisha ni yangu, nikianguka nimeanguka mimi. Ningemkataliaje? Nikachukua spana, nikamsaidia kufunga.

Jumamosi tukashika barabara ya Litein. Akawasha swichi, akakanyaga. Sijui kama ilikuwa gesi au ni mguu wake tu, lakini gari lilivuta, na sitadanganya, nilicheka kama mtoto. Kisha tukakata kona. Mbele kulikuwa na akina mama wanapeleka majani ya chai kituoni, vikapu mgongoni. Mmoja alimvuta mtoto kwa mkono, wakaingia mtaroni.

Hakuna aliyeumia. Kwa binamu, hiyo ilimaanisha tumeshinda mjadala. Kwangu mjadala ndio ulikuwa unaanza. Yule mama hakuwa amekubali chochote. Hakusikia hoja yetu ya haki, hakuonja ile raha, lakini yeye ndiye aliyeruka mtaroni.

Tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo makutano ya Londiani, kaunti hii yetu, likagonga magari na watu. Zaidi ya 50 walikufa, wakiwemo wachuuzi waliokuwa pembeni mwa barabara. Silitaji kwa sababu linafanana na gari la binamu. Halikuwa na habari ya mitungi. Nalitaja kwa sababu hapa kwetu barabara ni soko, ni stendi, ni njia ya shule. Ukiendesha kitu kizito kwa kasi, hakuna hatari inayobaki ndani ya gari lako.

Bado naamini mtu ana haki ya kuhatarisha kilicho chake. Nilichoacha kuamini ni kwamba ni rahisi kujua chako kinaishia wapi. Hata kule kuacha chuo: nilisema maisha ni yangu, lakini mkopo wa karo ya ile miaka miwili mama bado anaulipa kwa bonasi ya chai. Yeye pia sikumuuliza. Aliruka mtaroni kimyakimya.

Nilimwambia binamu nitautoa mtungi bure, na kama hataki, asinihesabu kwa safari yoyote. Hajanipigia tena. Naona gari likipita, sijui kama swichi bado ipo.

Bonasi ya mwaka huu ikitoka, nimepanga kumwambia mama asiiguse. Deni ni langu. Hilo angalau ninaweza kulisema bila kumdanganya mtu.