Mwenye kosa akisha kufungwa, je, angali ndugu yetu?



Kila mwezi wa kumi tunakumbuka hukumu waliyomkatia Papa Simon Kimbangu. Tunaimba, tunalia, tunasema: wale waliamua kwa uonevu. Ni kweli. Lakini leo napenda kuweka mbele yenu ulizo moja linalonisumbua tangu siku nyingi. Sisi wenyewe, mtu akituibia, tunatafuta haki ao tunatafuta tu aumie? Naomba mnisikilize kwa uvumilivu, maana nitajishitaki mimi mwenyewe.

Hukumu ya mwaka 1921

Habari ile tunaijua, lakini tuiangalie kidogo kwa macho ya sheria. Papa Simon alianza kazi yake ya kuponya na kuhubiri kule N'Kamba tarehe 6 Aprili 1921. Hakuua mtu, hakuiba, hakushika silaha. Lakini watu waliacha kazi za wazungu wakamfuata, na serkali ya Wabelgiji iliogopa. Mwezi wa tisa alijitoa mwenyewe mikononi mwao. Walimpeleka Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu, mbele ya tribinali ya waaskari. Hakuwa na avoka wa kumtetea. Tarehe 3 Oktoba 1921 walimkatia viboko 120, na kisha kifo. Mfalme Albert wa Kwanza aligeuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Ndipo akaletwa huku kwetu Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mbali sana na bibi na watoto wake. Alifia kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951, nyuma ya miaka 30.

Mwaka wa 2011, Tribinali Kubwa ya Waaskari kule Kinshasa ilifuta hukumu ile. Miaka 90 ilikuwa imepita. Tunashukuru. Lakini aliyeonewa alikuwa amekwisha kulala kaburini miaka 60.

Sasa tuangalie vema. Siku ile, tribinali ilikuwako. Waamuzi walikuwako, karatasi zilikuwako, na muhuri pia. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwa ajili ya mshitakiwa, na kipimo cha azabu. Katika Yoane 7, Nikodemo aliwauliza wakubwa wenzake kama sheria yao inamhukumu mtu mbele ya kumsikia. Na katika Kumbukumbu la Torati 25, Musa aliweka mpaka: viboko visipite 40. Walimkatia Papa Simon mara tatu ya mpaka ule.

Someni tena shauri lile la Musa, muone sababu yake. Hasemi mpaka umewekwa kwa kuwa kosa ni dogo. Anasema mtu yule asizarauliwe, kwa kuwa ni ndugu yako. Hata amelazwa chini mbele ya mwamuzi, hata kosa lake limeonekana wazi, jina la ndugu halijamtoka. Hapo ndipo nataka tusimame.

Sheria yetu inasema nini?

Waaminifu wengi wanafikiri sheria ni kitu cha avoka peke yao. Hapana. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema wazi kwamba uhuru ni kawaida, na kufungwa ni jambo la pekee. Mtu anayekamatwa aelezwe sababu palepale, kwa luga anayosikia. Kasho ya polisi isipite saa 48. Nyuma ya hapo aachiliwe ao apelekwe parke. Parke ikitaka kumshika, ni lazima mwamuzi akubali: kwanza siku 15, kisha mwezi kwa mwezi. Muda huo wote mtu yule anahesabiwa kuwa hana kosa, mpaka hukumu ya mwisho. Tena mtu hafungwi kwa kosa la mwingine. Wale wanaomkamata baba kwa sababu mtoto amekimbia wanavunja Katiba.

Sheria ni nzuri. Basi ubaya unatoka wapi? Ndipo ninafika kwenye kosa langu.

Bati mbili

Miaka michache iliyopita, kijana mmoja alikamatwa mchana na bati mbili za kanisa, zile tulizoweka kwa ujenzi. Alikuwa mtoto wa mama anayesali pamoja nasi. Vijana walikuwa wamekwisha kuokota mawe, na mmoja alikuwa anakuja na tairi. Niliwazuia. Nilimpeleka polisi mimi mwenyewe, nikatia sahihi kwenye karatasi. Nilisema moyoni: nimefanya kama mkristo. Usiku ule nililala vizuri.

Sikumwaza tena. Nyuma ya miezi saba nilitambua kwamba mama yake haji kanisani. Nilienda kumtembelea. Mashini yake ya kushona, iliyomlisha yeye na wajukuu, haikuwamo tena nyumbani. Alikuwa ameiuza. Feza zilikwenda kwa chakula cha kupeleka gerezani, kwa njia, na kwa watu waliomwambia watasukuma dosie. Dosie haikusukumwa. Nilienda kumwona kijana. Hakuwa amesimama mbele ya mwamuzi hata siku moja. Aliniita Papa Shemasi, akaniomba msamaha kwa ajili ya bati. Sikuwa na neno la kumjibu.

Tulienda parke na wazee wawili wa kanisa, mara tatu, na barua mkononi. Katika mwezi wa tisa aliamuliwa. Alikubali kosa lake. Wizi bila nguvu unaweza kumletea mtu hata miaka mitano, lakini mwamuzi anaweza pia kumtoza amende peke yake. Mwamuzi alimkatia miezi sita. Alikuwa amekwisha kukaa tisa.

Ndugu wapendwa, yeye aliiba bati mbili. Sisi tulimwibia miezi mitatu. Bati zilirudi siku ileile. Miezi mitatu haitarudi.

«Shemasi, unatetea wezi?»

Ndugu mmoja aliniuliza hivyo, na nilimheshimu kwa ulizo lake, maana anayeibiwa pia analia. Mama aliyenyanganywa mtaji wake wa unga sokoni ana haki ya kusikilizwa mbele ya wote. Sisemi mwenye kosa aachiwe bure. Zakeo alipotubu alirudisha mara ine. Kurudisha ni haki.

Lakini muone namna mambo yanavyokwenda. Mashini ile ya kushona ingeweza kulipa bati nyingi. Katika kufunga kwetu, kanisa halikulipwa kitu, mama alibaki maskini zaidi, na wajukuu hawakula. Mwenye feza akishitakiwa ana avoka siku ya kwanza, na jioni anakula kwake. Asiye na feza anangoja. Hivi gereza linajaa watu ambao kosa lao kubwa ni kukosa mtu wa kuuliza habari zao. Kwa hiyo haki ya tribinali na haki ya sahani ya ugali haziachani. Penye njaa na feza za chini ya meza, hata sheria nzuri inakuwa karatasi tu.

Tumeona mwisho wake kule Makala, Kinshasa. Gereza lile lilijengwa kwa watu 1.500. Mwaka 2024 walikuwamo zaidi ya 12.000, wengi wakiwa hawajaamuliwa. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024 watu walijaribu kutoroka, na serkali ilitangaza kwamba 129 walikufa: wengi kwa kusongana na kukosa hewa, wengine kwa risasi. Kati yao, ni wangapi waliochukua kitu kama bati mbili? Hatutajua, maana hawakuulizwa.

Tufanye nini?

Hatuwezi kujenga tribinali. Lakini tunaweza mambo mane. Tusipige mtu aliyekamatwa, na tuwazuie watoto wetu. Kama kitu ni kidogo, na mtu anakubali kurudisha, tukae kwanza na wazee na jamaa yake. Kama ni lazima kwenda polisi, asiyetia sahihi tu akaenda kulala: afuate dosie, ahesabu saa 48, ahesabu siku 15, aulize. Na gerezani twende hata pasipo ndugu yetu wa damu ndani, kama Bwana alivyotufundisha katika Matayo 25. Hakusema kama mfungwa yule alikuwa na kosa ao hakuwa nalo.

Sisi watu wa Lubumbashi tunasali katika mji ule ule ambamo Papa Simon alifungwa miaka 30. Kama tunalia kwa ajili yake na hatujui jina la kijana mmoja wa mtaa wetu aliye kifungoni leo, machozi yetu hayajafika mbali.

Bwana atupe moyo wa kuhesabu siku za wengine kama tunavyohesabu zetu. Amina.

Ndugu yenu katika Bwana,
Shemasi