Mchezo wa Ndagala: Je, ni Haki Mwenye Kuharibu Ziwa Ashinde?

Sisi wa Uvira, watu wa kati ya milima na Tanganyika, hatukungojea vitabu vya shule ili tujue kwamba mchezo unafundisha. Jirani zetu wa Rwanda na Burundi wanacheza kubuguza, wengine wanaita igisoro; Waganda wana omweso, watu wa pwani wana bao. Mashimo 32, mbegu 64, hakuna dadu wala bahati. Na iko jambo moja ambalo mimi nililiona nikiwa mtu mzima tayari: katika michezo hiyo mbegu haitoki nje ya ubao. Ukimnyang'anya mwenzako unazipanda upande wako, na baadaye yeye anaweza kuzirudisha.

Ndagala si hivyo. Ikiliwa, imeliwa.

Nafundisha biolojia. Mwaka fulani niliwaambia wanafunzi watengeneze mchezo wa kueleza maisha ya ziwa. Kikundi kimoja kilileta katoni iliyochorwa mwalo na mitumbwi, bakuli moja, na maharagi 60: hizo njo ndagala. Wachezaji 5. Kila usiku mwenye wavu wa kawaida anatoa 3, mwenye kuvua kwa chandarua cha mbu anatoa 6, maana kinabeba hata watoto wa samaki. Halafu kwa kila maharagi 3 yaliyobaki, moja linazaliwa, lakini bakuli halipiti 60. Na mwenye chandarua analipa faini kila mara, basi kila mara anashindwa.

Nilifurahi. Msichana mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi, hakufurahi. «Mwalimu, hii ni bongo. Ku mwalo ule wa chandarua njo anauzisha mbele, na batoto yake banasoma. Faini nani anamulipisha?»

Sikupata jibu. Tukaondoa faini, tukahesabu. Wote wakitoa 3, yanatoka 15, yanabaki 45, yanazaliwa 15: bakuli linajaa tena, kila usiku, bila mwisho. Mmoja akitoa 6, bakuli linashuka 56, 50, 42, 32, 18, na usiku wa sita liko tupu. Yeye ana 36. Wenzake wana 18 kila mmoja, na hiyo 18 njo ile ile wangepata hata kama asingekuwako. Mpaka usiku ule hajawapunguzia hata haragi moja! Kosa lake linaonekana usiku wa saba, wakati wote wanarudi mikono mitupu, mwenye haki na mwenye kosa pamoja.

Kwa hiyo swali la haki lote liko hapa: mchezo unaisha lini? Ukiisha usiku wa sita, mharibifu ni mshindi. Kama wote wangekuwa waaminifu, ingewapasa wafike usiku wa 13 ndipo kila mmoja awe na 39 na kumpita. Mwenye kutengeneza mchezo anachagua mwisho, na kwa kuchagua mwisho anahukumu. Mimi naona kuweka faini ya uongo ni vibaya kuliko kumwacha mharibifu ashinde. Mtoto akitoka darasani akaenda mwalo, ataona mwalimu alimdanganya, na hatatuamini hata tunaposema kweli juu ya kipindupindu.

Hata hivyo kusema kweli kuna hatari yake. Mwaka 1904, kule Marekani, mama mmoja jina lake Elizabeth Magie alipata hati ya mchezo wa kuonyesha ubaya wa wenye ardhi wanaokusanya kodi mpaka wengine wanafukarika. Kutoka mchezo ule ukazaliwa Monopoly, uliotolewa na kampuni ya Parker Brothers mwaka 1935, na watu wakaupenda kwa sababu ya utamu wa kufukarisha wenzao. Wanafunzi wangu nao, nakiri, siku ya kwanza baada ya kuondoa faini walipigania chandarua kwa kicheko.

Halafu tuliongeza joto. Mwaka 2003 watafiti walitangaza kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye chakula, na hivyo uzazi wa ziwa umepungua. Tukasema basi: haragi moja linazaliwa kwa kila 4, si kwa kila 3. Wote wakatoa 3 zao za halali, hakuna mwizi hata mmoja. Usiku wa saba bakuli likawa tupu. Darasa lilinyamaza. Aliyevuta joto lile hayuko Uvira, wala hana mtumbwi.

Wakitoa 2 kila mmoja, bakuli linajaa. Ni hesabu nyepesi, lakini ni njaa. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazae. Miezi 3 ni mirefu kwa mwenye sufuria tupu.

Sasa wanafunzi wameweka sheria mpya: kabla ya kila usiku wachezaji wanaongea kwanza, kama wazee barazani, ndipo mikono inaingia bakulini. Juzi yule msichana aliuliza kama mwenye mtoto mgonjwa anaweza kupewa 4. Walibishana mpaka kengele ikalia, na maharagi hayakuguswa.