Jibu Lenye Jina la Mwingine

Kwenye Linux, amri moja ya iptables inatosha kuifanya programu izungumze na asiyekusudiwa. Programu inatuma barua pepe kwenda poti 25 ya seva iliyo mbali. Kabla pakiti haijatoka mlangoni, kerneli inafuta anwani ya mpokeaji na kuandika 127.0.0.1, yaani hapa hapa nyumbani. Sheria hiyo huwekwa kwenye mnyororo wa OUTPUT. Ule wa PREROUTING hukagua wageni wanaoingia, na hawa ni wenyeji wanaotoka.

Kwangu, uzito uko kwenye safari ya kurudi. Kerneli hukumbuka ilichobadilisha, na jibu likija hulibandika anwani ya yule aliyekusudiwa mwanzo. Programu inapokea, inaridhika. Tarishi aliyepeleka barua nyumba isiyo yake tutasema amepotea njia. Lakini anayekuletea majibu yenye jina la mchumba wako, yaliyoandikwa na mtu mwingine, huyo tumwite nani?

Utaniambia programu haina moyo wa kudanganywa. Sawa, ila nyuma yake kuna watu. Mhandisi anayejaribu mfumo mpya kwa nakala ya data halisi huzielekeza barua zote kwenye kikasha cha ndani, wateja wasije wakaamshwa usiku na ankara za majaribio. Huo ni wema, na wateja wakiambiwa watashukuru. Amri hiyo hiyo, herufi kwa herufi, ikiwekwa kwenye seva ya ofisi, inaweza kukusanya barua za wafanyakazi wasiojua lolote.

“Lakini seva ni yangu!” Mwenye nyumba ana haki juu ya kuta, barua ya mpangaji si ukuta. Mimi ningeuliza tu kama sheria hiyo inaweza kubandikwa pale wanaoitumia seva wataisoma.

HTTPS angalau huleta ubishi: kerneli hubadilisha anwani, haiwezi kughushi cheti. Anayetaka kusoma humo lazima aongeze mamlaka yake ya vyeti kwenye orodha ya wanaoaminiwa na mashine. Akifika hapo, asiniambie alikuwa anarekebisha mtandao tu.

Halafu kuna kichekesho. Wakala anayezipokea pakiti hizo, kama naye anazituma mbele, lazima asamehewe sheria kwa namba yake ya mtumiaji. Asiposamehewa, kila anachotuma kinamrudia mwenyewe.