Aliye hai naye anahitaji watu

Sisi Waafrika Mashariki tunaoishi Minnesota tunajua kuzikana. Mwenzetu akifariki Minneapolis au Brooklyn Park, kabla ya jioni kikundi cha WhatsApp kimeshapata kamati, mweka hazina na nyumba ya kukutania kwa maombi. Maelfu ya dola huchangwa ili mwili ufike Nairobi au Kisumu upokewe na ndugu. Sijawahi kusikia mtu akiuliza kama marehemu alistahili. Naipenda tabia hii ya watu wetu, na ndiyo maana iliniuma kuona ujumbe wa kijana mmoja ukikaa kikundini mchana kutwa bila jibu.

Aliandika kwa adabu. Alisema karibuni angefanyiwa upasuaji wa kifua. Kwamba yeye ni mwanamume, ingawa baadhi yetu tulimjua tangu utotoni kwa jina la kike. Kwamba haombi pesa, bima yake inalipa. Aliomba watu. Mtu wa kumtoa hospitalini, mtu wa kulala kwake siku za mwanzo, mtu wa kumpikia. Ujumbe ulisomwa. Wawili wakaondoka kikundini. Usiku nikampigia simu, akapokea kwa kusema, “Shikamoo shangazi,” kisha akanyamaza, nadhani akingoja kukemewa.

Kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa majumbani, kazi inayowalisha wengi wetu huku, kwa hiyo nilijua kinachomngoja. Baada ya upasuaji wa aina hii mara nyingi mtu hurudi nyumbani siku ileile, ila hospitali haimwachii aondoke peke yake kwa sababu ya dawa ya usingizi. Sharti awepo mtu mzima wa kumchukua. Anatoka na mirija miwili, mmoja kila ubavu, ya kutoa damu na majimaji. Vibofu vya mirija hiyo humwagwa kila siku, kiasi kikapimwa kwa mililita na kuandikwa, maana daktari ataangalia hesabu hiyo kabla ya kuondoa mirija. Anavaa fulana ya kubana usiku na mchana. Analala chali, mito imemwinua mgongo. Haruhusiwi kuinua mikono juu ya mabega, wala kubeba galoni ya maziwa, ambayo ni kilo 4 tu. Sufuria iliyoko kabati la juu haifikii. Nywele haziwezi kuoshwa. Dawa za maumivu zinamfunga choo, kwa hiyo anahitaji papai, mboga za majani na maji mengi, na mtu wa kumletea.

Na kuna siku ya machozi. Huja mara nyingi katika wiki ya kwanza, hata kwa mtu aliyeungoja upasuaji huo miaka mingi: mwili umechoka, dawa zimemlevya, hajatoka nje. Hajutii. Wauguzi wanaijua hali hii baada ya upasuaji wowote mkubwa. Saa hiyo anahitaji mtu wa kukaa kando yake asimwambie, “Si ulitaka mwenyewe?”

Upasuaji wa sehemu za siri ni mzito zaidi. Kurudi kazini huchukua wiki 6 au zaidi, kuna katheta (mrija wa mkojo) siku za mwanzo, na mwanamke aliyetengenezewa uke hufanya mazoezi ya kuupanua mara kadhaa kwa siku kwa miezi. Mtu hawezi kuyabeba hayo peke yake huku akijipikia.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1993 inamruhusu mfanyakazi wa kampuni kubwa kuchukua likizo ya hadi wiki 12 bila malipo kumuuguza mzazi, mtoto au mwenzi wake wa ndoa. Rafiki hayumo. Hata ndugu wa tumbo moja hayumo. Kwa aliyefukuzwa na wazazi, maana yake ni kwamba wale waliobaki naye ndio wasio na ruhusa ya kukaa kando ya kitanda chake. Tangu Januari 2026 jimbo letu lina likizo yenye malipo inayomtambua hata asiye wa damu, kama mgonjwa anamtegemea kweli. Nililifurahia hilo kwa moyo wote. Lakini kijana wetu alipasuliwa kabla ya hapo, na rafiki yake anayefanya kazi bohari alilazimika kubadilishana zamu na watu wanne ili alale pale usiku tatu.

Alikuja pia mama mmoja Mmarekani, umri wake umepita miaka sabini. Yeye alipasuliwa zamani huko Trinidad, mji mdogo wa Colorado ambako daktari Stanley Biber alianza upasuaji wa namna hii mwaka 1969 na watu wakamfuata kutoka kila upande wa nchi. Alirudi kwao kwa basi, peke yake, hakumwambia mtu. Alikuwa akileta supu kila Jumapili, na kabla hajakaa alikuwa akimuuliza kijana kama ameandika mililita zake.

Wapo walioniambia imani yao haiwaruhusu kusaidia. Mimi ni Mkristo, nasali na wengine wao, na sijamwomba hata mmoja abadili anachoamini. Mwanamke akijifungua kwetu hatumhoji alipataje mimba kabla ya kumpelekea uji. Kidonda ni kidonda, na mirija inajaa tukiwa tumekubaliana au hatujakubaliana. Mama mzazi wa kijana huyu, kutoka Nakuru, hakutaka kuongea naye. Alinipigia mimi kila jioni. Swali lake la kwanza lilikuwa kama amekula, la pili kama ana homa, na sikuwahi kumjibu kwa ukali.

Sasa yupo dada wa Bukavu, ameniruhusu niandike habari zake bila jina. Upasuaji wake ni ule mzito, na safari hii ratiba tumeiandaa mapema. Usiku wa wiki ya kwanza umepata watu. Bado tunatafuta wa chakula cha Jumanne na Alhamisi, na mwenye gari wa kumpeleka kwa daktari wiki ya pili. Anakula kila kitu isipokuwa samaki.