Maandalio na Ahadi

Wazee wetu wa pwani walisema kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Maana ya kwanza ya methali hii ni nyepesi: jahazi lililo mchangani halifiki majini kwa maneno matupu, bali kwa magogo yaliyotandikwa chini yake na kwa mikono ya watu walisukumao. Maana ya pili ni nzito zaidi. Kila kazi kubwa ina sehemu mbili. Moja hutendwa mbele ya macho ya watu, nayo hupigiwa vigelegele. Nyingine hutendwa kimya kabla ya siku yenyewe kufika, nayo haina mtazamaji. Watu husifu ile ya kwanza, lakini ile ya pili ndiyo iamuayo. Basi swali la insha hii ni hili: mtu aliyeahidi mbele ya watu kwamba ataondoka siku fulani, na siku ile imewadia hali maandalio yake hayajatimia, afanye nini? Atimize ahadi, au akiri kwamba hayuko tayari?

Swali hili liliulizwa kwa ukali mwaka 1968 katika nchi ya Uingereza. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Francis Chichester, mzee wa miaka 65, alirudi kwao baada ya kuizunguka dunia peke yake katika mashua ya matanga, akiwa ametua mara moja tu, katika bandari ya Sydney, Australia. Ndipo gazeti la Sunday Times likatangaza mashindano yaliyoitwa Golden Globe: mtu mmoja, mashua moja, kuizunguka dunia bila kutua po pote na bila kupokea msaada. Wa kwanza kurudi angepewa tufe la dhahabu, na aliyetumia siku chache kuliko wenzake angepewa pauni 5,000. Kila mmoja alitakiwa kuondoka baina ya tarehe 1 Juni na tarehe 31 Oktoba. Mpaka huo haukuwekwa kwa ukaidi. Bahari ya kusini ina pepo kali na mawimbi makubwa mwaka mzima, na majira yake ya baridi hutisha kupita kiasi. Aliyechelewa kuondoka angeikuta Rasi ya Horn katika ubaya wake.

Hebu tuyafikiri maandalio ya safari ya namna hiyo. Msafiri atakaa baharini miezi tisa au kumi, pasipo duka, pasipo fundi, pasipo tabibu. Maji, chakula, dawa, taa, dira, matanga ya akiba, sindano na uzi wa kuyashonea, kamba za kila unene, pampu ya kutolea maji: vyote sharti viwepo, na kila kimoja kiwe mahali ambapo mkono utakifikia gizani. Kwa kuwa yuko peke yake, hana budi kuwa na usukani ujiongozao kwa nguvu ya upepo wakati amelala. Mafundi wa Lamu hulivuta jahazi pwani kabla ya msimu, wakaziba nyufa kwa kalafati na kulipaka shahamu tumboni. Hawafanyi hivyo kwa sababu bahari imekwisha kuingia ndani, bali kwa sababu wajua kwamba itajaribu kuingia.

Watu tisa waliondoka katika mashindano hayo. Tuwatazame wawili kwanza.

Mmoja alikuwa Robin Knox-Johnston, kijana wa miaka 29, baharia wa meli za biashara. Mashua yake ilikuwa fupi, futi 32, iliyoundwa Bombay kwa mbao za msaji, nayo iliitwa Suhaili. Jina ambalo si geni masikioni mwetu, kwani kwetu suheli ni upande wa kusini. Yeye mwenyewe alitamani mashua nyingine, kubwa zaidi, ya chuma, lakini fedha hazikupatikana, akaamua kutumia aliyokuwa nayo. Haikuwa na mbio. Ila aliijua. Alikwisha kusafiri nayo kutoka India hadi Afrika Kusini na kutoka huko hadi London, akazijua tabia zake kama mtu ajuavyo tabia za punda wake. Aliondoka Falmouth tarehe 14 Juni.

Wa pili alikuwa Donald Crowhurst, mhandisi wa vyombo vya umeme, mwenye akili nyingi, mke na watoto wanne. Chombo chake kilikuwa kipya, cha futi 40, chenye matumbo matatu, mfano wa ngalawa yetu yenye matengo ubavu huu na ubavu huu. Kilishushwa majini tarehe 23 Septemba, yaani majuma matano tu kabla ya siku ya mwisho. Safari ya kukileta kutoka kiwandani hadi mji wa Teignmouth, iliyotarajiwa kuchukua siku tatu, ilichukua muda wa majuma mawili hivi. Alikuwa amebuni mtambo wa kukiinua chombo kikipinduka. Mfuko wa hewa ulifungwa juu ya mlingoti, na nyaya zilitandazwa kila upande ndani, lakini mtambo wenyewe wa kuzitawala nyaya hizo haukuwa umetengenezwa. Nyaya zilikwenda, wala hazikufika mahali. Vipuri vingine viliachwa nchi kavu, na mpira wa pampu pia. Aidha mkataba wake na tajiri aliyemsaidia ulikuwa na sharti kwamba safari isipofanikiwa, kampuni yake mwenyewe ingelazimika kukinunua chombo kile. Nyuma yake palikuwa na deni, na mbele yake palikuwa na bahari. Aliondoka tarehe 31 Oktoba, siku ya mwisho kabisa.

Hapa msomaji aweza kuleta hoja, nayo ni hoja nzuri. Atasema: hakuna chombo kilichokamilika. Angojeaye ukamilifu hataondoka milele. Hata Suhaili ilivuja. Ni kweli. Majuma machache baada ya kuondoka, Knox-Johnston aliona maji yakiingia kwa wingi, akajitupa baharini, akapiga mbizi mara nyingi chini ya mashua yake, akauziba ufa kwa pamba na kipande cha shaba. Ilimbidi hata kumpiga risasi papa aliyekuwa akimzungukazunguka. Baadaye simu yake ya upepo ilikufa, na usukani wa kujiongoza ukavunjika, naye akaendelea.

Hoja hii ni nzuri lakini haitoshi, kwa maana kuna kasoro za namna mbili. Iko kasoro ambayo mtu amekwenda nayo pamoja na dawa yake: pamba imo chomboni, nyundo imo, na ujuzi umo mikononi. Tena iko kasoro ambayo dawa yake imeachwa gatini. Ya kwanza ni taabu ya safari, wala hapana safari isiyo na taabu. Ya pili si taabu ya safari. Ni safari isiyokuwapo. Kujitayarisha si kuondoa kila hatari, jambo lisilowezekana kwa mwanadamu. Kujitayarisha ni kuijua hali yako ilivyo, na kuwa na njia ya kukabili lile ulijualo.

Hoja ya pili ni ya heshima. Ahadi ni deni, nasi tumefundishwa tangu utotoni kwamba mwungwana ni kitendo. Je, Crowhurst hakufanya uungwana kwa kutimiza neno lake? Nami nauliza: neno lake lilikuwa lipi? Hakuahidi kuondoka tu. Aliahidi kuizunguka dunia katika chombo kiwezacho kuizunguka. Sehemu ya kwanza ya ahadi hiyo ilionekana na watu, na ya pili haikuonekana. Akailipa ile iliyoonekana, nayo ile nyingine ikabaki deni. Mtu wa namna hii hufanana na mdeni arudishaye kibeti kizuri kisicho na fedha ndani. Ahadi haitimizwi kwa tarehe. Hutimizwa kwa kitu chenyewe kilichoahidiwa.

Yaliyofuata yajulikana. Mwezi wa Novemba Crowhurst alikaa chomboni akaandika daftarini makosa yote ya chombo chake, moja moja, kwa uangalifu wa mhandisi. Hesabu yake ikamwonyesha kwamba akiingia bahari ya kusini, uzima wake hautapita nusu kwa nusu. Hesabu hiyo ilikuwa ya kweli na ya ushujaa. Msiba wake ni kwamba ilifanywa baharini, hali ingaliweza kufanywa pwani. Hakwenda mbele wala hakurudi. Alibaki akizunguka katika bahari ya Atlantiki, na mwezi wa Desemba akapeleka habari kwamba amekwenda maili 243 kwa siku moja. Watu wakashangilia. Kuanzia hapo uwongo mmoja ulidai mwingine, kama ilivyo desturi ya uwongo.

Wala uwongo hauumizi mwenyewe peke yake. Nigel Tetley, aliyekuwa na chombo cha matumbo matatu kama kile, alikwisha kuipita Rasi ya Horn naye yu njiani kurudi. Chombo chake kilikuwa kimechoka sana, lakini habari zilimwambia kwamba Crowhurst yu nyuma yake mbioni, akakiendesha kwa nguvu. Tarehe 21 Mei 1969 kilivunjika karibu na visiwa vya Azores, kikazama, yeye akaokolewa. Alikimbizwa na kivuli. Crowhurst alipojua kwamba sasa macho yote yatamwelekea yeye, na daftari zake zitachunguzwa, hakuweza kurudi nyumbani. Maandishi yake ya mwisho ni ya tarehe 1 Julai. Siku tisa baadaye meli moja ilikikuta chombo chake kikielea, wala hapakuwa na mtu ndani.

Tusimhukumu kwa ukali. Ni rahisi kuwa hodari mtu akiketi kitini. Tena yafaa tuulize juu ya wale waliokuwa pwani. Palikuwa na tajiri, na waandishi wa magazeti, na watu wa mji waliotaka sifa ya mji wao, na marafiki walioona vitu vimerundikana bila mpango. Kila mmoja aliona sehemu yake, na kila mmoja alidhani kwamba neno la kuzuia ni la mwingine kulisema. Rafiki wa kweli si yule asukumaye chombo tu, ni yule pia awezaye kushika kamba na kusema, «Ngoja.» Na mwenye kuambiwa hivyo apewe njia ya kurudi pasipo kudhihakiwa, kwa kuwa jamaa wasiosamehe kushindwa huwafundisha watu wao kudanganya.

Je, kurudi kungalimwangamiza? Chay Blyth, mmoja wa wale tisa, alitambua katika safari ileile kwamba mashua yake haifai kwa mawimbi ya kusini, akajitoa alipofika Afrika Kusini. Hakufa kwa aibu. Alirudi, akajifunza, akapata chombo kingine kilicho imara, na mwaka 1971 akawa mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake bila kutua kwa kuelekea magharibi, dhidi ya pepo zitawalazo huko. Kurudi kwake kulikuwa sehemu ya maandalio yake.

Yako na jambo jingine juu ya maandalio, ambalo husahauliwa: faida yake si ya mwenye kujiandaa tu. Mashindano ya Golden Globe yalifufuliwa mwaka 2018, kwa vyombo vya mtindo wa zamani. Katika yale ya mwaka 2022, Kirsten Neuschäfer, mwanamke wa Afrika Kusini, alikwenda na mashua aliyoitengeneza upya kwa muda mrefu huko Kanada. Mwezi wa Novemba mwaka huo chombo cha mshindani wake mmoja, Tapio Lehtinen wa Finland, kilizama ghafula katika bahari ya kusini. Neuschäfer aligeuza njia, akamfuata, akamtoa katika mashua ya kujiokolea, akamkabidhi kwa meli iliyopita, kisha akaendelea. Mwezi wa Aprili 2023 alifika Ufaransa wa kwanza, na ndiye mwanamke wa kwanza kushinda mashindano ya kuizunguka dunia peke yake. Aliyejitayarisha vema ana akiba ya nguvu hata kwa jirani yake. Asiyejitayarisha hana hata ya kujiokoa nafsi yake.

Vijana msomao insha hii, wachache kati yenu watasafiri bahari ya kusini. Lakini kila mmoja wenu atasimama gatini siku moja. Dereva atakabidhiwa gari lenye breki mbovu na abiria wamekwisha kuketi. Mwuguzi ataambiwa atumie chombo asichokijua. Mhandisi atatakiwa kutia sahihi chini ya daraja ambalo hakulipima. Siku hiyo ngoma zitakuwa zinalia, tarehe itakuwa imetangazwa, na neno «bado» litakuwa zito kinywani kuliko nanga. Na liwe zito, lakini lisemwe. Kwani aibu yake ni ya siku moja, nayo husemwa pwani, mahali ambapo kalafati ipo, fundi yupo, na msimu mwingine utakuja.

Knox-Johnston alirudi Falmouth tarehe 22 Aprili 1969, peke yake kati ya wale tisa aliyeimaliza safari. Zawadi ya pauni 5,000 ilikuwa haki yake. Aliposikia yaliyompata Crowhurst, aliitoa yote kwa mjane na watoto wake.